Pauni mia tano za kadi zilivyonirudishia bei ya gari zima

Miaka minne iliyopita nilinunua gari la mkononi kwenye yadi hapa Uingereza, bei pauni 6,800. Fedha nilikuwa nimezidunduliza benki na nilitaka kuzituma zote kwa mkupuo. Kadi ya mkopo siipendi. Mama yangu aliogopa deni kuliko nyoka, na nimemrithi. Aliyenizuia ni shemeji yangu. "Shemeji, weka japo mia tano kwenye kadi, hizo nyingine tuma upendavyo." Nilidhani anafikiria zile pointi za zawadi. Nikaweka, mradi yaishe.

Siku ya kumi na tisa gia zikaanza kuteleza. Nikikanyaga mafuta injini inanguruma, gari linajivuta. Makanika aliliendesha mara moja tu kuzunguka gereji yake, akarudi anatikisa kichwa: gia boksi. Muuzaji, ambaye kabla ya kupokea fedha alikuwa akinipigia kila asubuhi, sasa hapokei simu. Siku aliyopokea aliniambia gari la mkononi huuzwa kama lilivyo.

Si kweli. Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 inampa mtu aliyenunua kwa mfanyabiashara siku 30 za kulikataa gari lenye kasoro na kurudishiwa fedha zake zote. Kwa hiyo haki nilikuwa nayo, ila wa kunilipa simpati.

Ndipo zile mia tano zikafanya kazi. Kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo kwa Watumiaji ya mwaka 1974 kinahusu kitu chenye bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000. Ukikilipia kwa kadi ya mkopo, kisha muuzaji akavunja mkataba au ikaonekana alikudanganya, kampuni ya kadi inawajibika pamoja naye, na una hiari ya kumdai yeyote kati yao. Kinachotazamwa ni bei ya kitu, si kiasi kilichopita kwenye kadi. Hata ningelipa pauni moja kwa kadi, bado ningedai 6,800 zote. Nililisoma hilo mara tatu kabla ya kuamini.

Kijana wa kampuni ya kadi aliniambia kwa upole kwamba watajaribu kunirudishia zile 500. Alikuwa akifikiria njia nyingine, ile ya kubatilisha malipo, ambayo ni utaratibu wa Visa na Mastercard wala si sheria. Ipo hata kwa kadi ya kawaida ya benki, muda wake mara nyingi ni siku 120, na inarudisha kilichopita kwenye kadi tu. Nikamwambia dai langu ni la Section 75. Litaje kwa jina hilohilo la Kiingereza, tangu sentensi ya kwanza. Mimi lilinihamisha idara palepale.

Waliomba mkataba wa mauzo, tangazo la gari, na ripoti ya mkaguzi asiyefungamana na upande wowote. Tangazo nilikuwa nimelipiga picha kwenye simu kabla halijaondolewa, kwa bahati tu, wala si kwa akili. Kilichonisaidia zaidi ni barua pepe niliyomwandikia muuzaji siku ya 21: nalikataa gari, kasoro ni hii, nataka fedha zangu. Tangu siku hiyo sikuliendesha tena. Ningebaki kubishana kwenye simu, siku 30 zingepita bila ushahidi kwamba nililikataa.

Walinizungusha, sitaficha. Nilipochoka niliandika malalamiko rasmi. Hapo wana wiki 8 za kutoa jibu la mwisho, na usiporidhika unakwenda Financial Ombudsman Service, chombo huru kinachoamua migogoro kati ya wateja na kampuni za fedha, bila kulipa chochote. Mimi sikufika huko. Wiki ya sita walilipa bei yote pamoja na gharama ya ukaguzi.

Kuna mitego. Ukitoa fedha taslimu kwa kadi ukampelekea muuzaji, kinga hiyo huna, na riba inaanza siku hiyohiyo. Ukilipa kupitia kampuni ya kati, kamba inayokuunganisha na muuzaji inaweza kukatika. Kadi ya ziada iliyo chini ya akaunti ya mwenzio nayo huleta ubishi, kwa hiyo mwenye akaunti ndiye alipe na jina lake liwe kwenye mkataba. Deni lenyewe nililimaliza mwezi uleule ili nisitozwe riba. Kulilipa hakufuti dai. Na ukinunua kwa mtu binafsi, kwa kawaida hapokei kadi, na sheria haimbani kama inavyoibana yadi. Huko makanika wako atangulie kabla ya fedha.

Mwezi uliopita shemeji naye alikuwa ananunua. Muuzaji akamwambia kadi ya mkopo ina ada ya ziada. Tangu tarehe 13 Januari 2018 ni marufuku kumtoza mteja binafsi ada ya aina hiyo. Yadi inaweza kukataa kadi, haiwezi kuitoza zaidi. Shemeji alimweleza hivyo, akatelezesha pauni 200, zilizobaki akazituma benki.