Papi wa miezi miwili: aanze na dawa ya minyoo au chanjo?

Mkuu nimesoma swali lako, umenunua papi wa kama miezi miwili, tumbo limemvimba, muuzaji kakwambia "ashachomwa zote" ila kadi hana, na unataka kujua uanze na minyoo au chanjo na kama unaweza kutoka nae mtaani. Mi nafuga mbwa hapa Morogoro miaka mingi sasa, nimezalisha na nimezika pia, ngoja nikujibu kwa urefu kidogo maana hili jambo linaua papi wengi sana bure.

Hilo la kuchomwa zote lifute kabisa kichwani. Papi wa miezi miwili hawezi kuwa kamaliza chanjo hata kama muuzaji ni mkweli. Iko hivi, papi akizaliwa anapata kinga ya mama yake kwenye yale maziwa ya mwanzo, na hiyo kinga ikiwa bado ina nguvu inaikaba chanjo isifanye kazi, afu inapungua taratibu na huwezi kujua kwa huyu wako itaisha lini, mwingine wiki ya 8 mwingine wiki ya 12 mwingine inasogea hata zaidi ya hapo. Ndo maana chanjo ya mseto (sindano moja ya magonjwa kadhaa, ile inaandikwaga DHLPP kwenye kadi) inaanza kati ya wiki ya 6 na ya 8 inarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe angalau wiki 16. Ile ya mwisho ndo inashika kwa wengi, na ndo hiyohiyo watu wanairuka kwa sababu wanaona mbwa anakula anakimbia wanasema ya nini tena.

Kuna jirani yangu papi zake zilichomwa mara moja tu zikaachiwa zizurure, parvo ikaingia, ule ugonjwa wa virusi wa kuhara damu. Kutapika, kuharisha damu, ile harufu ukishaikuta mara moja unaijua maisha yako yote. Alibaki mmoja tu baada ya kukaa kwenye dripu. Na parvo haina dawa ya kuua kirusi, daktari anapambana na maji mwilini na bakteria wanaodandia, basi. Kibaya zaidi kile kirusi kinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na kinaletwa na viatu vyako mwenyewe. Sakafu unaweza kuosha ukapiga jiki sehemu moja kwa maji sehemu 30, lakini uwanja wa mchanga utaupigaje jiki? Kwa hiyo kabla hujamwachia uani ulizia kama hapo kwako au kwa mpangaji aliyepita kuliwahi kufa mbwa kwa kuhara damu.

Distempa, ugonjwa mwingine wa virusi, nayo imo kwenye sindano hiyohiyo ya mseto. Hiyo ndo iliyoua karibu theluthi ya simba wa Serengeti mwaka 1994, sasa piga picha papi wako.

Tukija kwenye minyoo, hilo tumbo kuna uwezekano mkubwa ni minyoo ya mviringo, na hakuipata kwako, papi anazaliwa nayo maana inavuka kutoka kwa mama akiwa tumboni na mingine inakuja kwenye maziwa. Utaratibu ni dawa kuanzia wiki ya 2, kila wiki mbili mpaka wiki ya 8, afu kila mwezi mpaka miezi 6, baada ya hapo kila miezi mitatu. We wako hujui alipewa nini kwa hiyo mpime uzito (panda mzani umembeba kisha toa uzito wako) umpe dawa ya papi kulingana na kilo zake na urudie baada ya wiki mbili, kwa sababu dawa inaua iliyopo utumboni, mabuu yanayozunguka mwilini yanakuja kushuka baadae. Mwangalie na fizi, zikiwa zimepauka hiyo inaweza kuwa minyoo ya safura, inanyonya damu, hapo usisubiri wikiendi mpeleke leo.

Tafadhali sana usikubali mtu amchome ivamektini, ile dawa ya minyoo ya ng'ombe, kwa kukadiria. Ile imetengenezwa kwa mnyama wa mamia ya kilo, tone likizidi kwa papi ni sumu ya ubongo, na tegu haiwagusi kabisa. Ukiona vipande vyeupe kama punje za mchele mkiani hao ndo tegu, dawa yao ni yenye prazikwanteli na lazima uue viroboto pia la sivyo wanarudi tu. Na kama una paka ndani hakikisha dawa ya viroboto ya mbwa yenye pamethrini haimgusi, inaua paka.

Kwa swali lako la kipi kianze, akiwa mchangamfu daktari anaweza kumpa vyote siku moja. Akiwa dhoofu minyoo kwanza, chanjo inasogea kidogo.

Kichaa cha mbwa achomwe akifika miezi mitatu, arudie baada ya mwaka. Hii nakuomba usiipuuze, dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Mbwa yeyote usiyemjua akimng'ata mtoto osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima na uende hospitali siku hiyohiyo.

Kutoka mtaani subiri wiki mbili baada ya sindano ya mwisho. Kwa sasa mbebe mkononi azoee kelele za boda na watu, na ukifika kwa daktari usimweke chini sakafuni. Kinyesi chake zoa kila siku maana mayai ya minyoo yanahitaji kama wiki mbili kwenye udongo ndo yaweze kuambukiza watoto wako.

Daktari akija nyumbani angalia chanjo inatoka kwenye kibaridi chenye barafu, inatakiwa ikae nyuzi 2 mpaka 8, akiitoa mfukoni mwambie asichome. Na abandike stika ya kichupa kwenye kadi mbele yako, aandike tarehe ya kurudi.