Oyabun Si Bosi: Kwa Mnaoanza Kuandika Manukuu ya Filamu za Yakuza

Wadogo zangu, wiki hii nimeletewa mafaili matatu ya manukuu ya filamu za yakuza, yaani magenge ya wahalifu wa Kijapani, na watu watatu wasiojuana, na yote yana ugonjwa mmoja. Kila mwenye suti na miwani myeusi anaitwa "bosi". Nimepiga mistari myekundu hadi saa saba usiku, kisha nikaona heri niandike hapa mara moja tu, msome wote.

1. Itazame filamu yote kabla hujagusa kibodi, na mara ya pili uizime mistari ya Kiingereza kabisa. Wengi wetu tunafanyia kazi faili la Kiingereza kwa sababu Kijapani chetu ni cha kuokoteza. Hilo halina aibu. Aibu ni kuziba masikio wakati mwigizaji anatamka neno lile lile mara ishirini mbele yako.

2. Neno lenyewe ndilo hili. *Oya* ni mzazi, *ko* ni mtoto. *Oyabun* ni mtu aliyeshika nafasi ya mzazi, *kobun* ni aliyeshika nafasi ya mtoto, na kinachowafunga ni kikombe cha sake, pombe ya mchele, wanachonyweshana mbele ya mashahidi. Kile kikombe si sherehe. Ukiandika "walikunywa wakafurahi" umeua filamu kabla haijaanza. Aliyekinywa amepata baba, pamoja na kaka wa kumwita *aniki*, na kuanzia hapo deni lake halina mwisho.

Sasa niwaambie lililonipata mimi, maana nawaona mnaelekea shimo lile lile.

Filamu yangu ya kwanza kubwa ilikuwa *Jingi Naki Tatakai* ya mwongozaji Fukasaku Kinji, ya mwaka 1973. Mnaijua: inafunguka kwa picha ya wingu la bomu la atomiki, kisha tunatumbukia kwenye soko la magendo la Kure, mji ulio karibu na Hiroshima, mwaka 1946, kamera inakimbizana na watu mpaka kichwa kinakuuma. Mwigizaji Sugawara Bunta ni Hirono Shozo, askari aliyerudi vitani hana kitu. Anaingia kundi la Yamamori. Yamamori huyu anamlilia Hirono, machozi yanamtoka kweli kweli, amwondolee Doi, mkuu wa kundi pinzani. Kijana anakwenda, anaua, anafungwa. Filamu nzima vijana wanamwita Yamamori *oyassan*, yaani mzee wetu, baba yetu. Faili langu la Kiingereza lilisema "boss". Nami nikaandika "bosi" kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, nikajisifu kwamba nimekuwa na msimamo wa istilahi.

Tukaionyesha kwenye ukumbi mdogo Dar es Salaam. Watu walicheka pale kidole alichojikata Hirono kuomba radhi kinapotafutwa kwenye banda la kuku, na nikadhani tumefaulu. Baadaye baridi ikaingia. Taa zilipowashwa, mama mmoja mtu mzima aliyekaa mbele akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, huyu kijana bosi wake kamtapeli muda wote huo, si angeacha kazi akatafute pengine?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda nyumbani nikaifungua filamu upya, masikio wazi, na nilipofika mwisho nikashika kichwa. Ni msiba wa Sakai, rafiki yake Hirono, aliyepigwa risasi dukani akimnunulia mtoto wake mwanasesere. Hirono anaingia, anatoa bastola, anazipiga risasi sadaka zilizopangwa mbele ya picha ya marehemu. Yamamori anamfokea. Hirono anageuka na kumwambia kwamba risasi bado zimebaki. Lakini sikilizeni anavyomwita: *Yamamori-san*. Si oyassan. Neno la baba limekwisha mdomoni mwake. Filamu nzima ilikuwa inakwenda kwenye sekunde ile, na mimi nilikuwa nimeandika: "Bosi, risasi bado zipo."

Niliumia kwa sababu kosa halikuwa la Kiingereza wala la mashine. Neno lilikuwa linatamkwa na nilikuwa nalisikia. Na Kiswahili kina kila kitu kinachotakiwa. "Mzee" ni baba yangu, ni mkubwa wangu wa kazi, ni mtu ninayemsujudia hata akiwa mwongo, yote kwa pigo moja. Nikaandika upya: "Mzee" kila mahali, na pale msibani, "Bwana Yamamori". Tulipoirudia, yule mama alikuwepo. Machozi ya Yamamori yalipoanza akasonya, "Baba gani huyu." Ilipofika "Bwana Yamamori", ukumbi mzima ulitoa sauti moja, ile *aah* ya watu waliojionea mtoto akimkana mzazi.

3. Hirono na mfungwa mwenzake Wakasugi gerezani, wanapochanjana mikono na kunywa damu: wamechanjiana. Wazee wetu walikuwa na neno hilo kabla sinema haijazaliwa. Mmoja wenu kaandika "wakawa marafiki wa karibu sana". Jamani.

4. Kwenye majina ya Kijapani, jina la ukoo linatangulia. Msiligeuze.

5. Wimbo wa *Tokyo Nagaremono*, 1966, lazima uandikiwe manukuu. Kuna aliyeuruka kwa sababu "ni muziki tu". Tetsu, mhusika mkuu, anauimba na kuupiga mluzi ndani ya ile suti yake ya buluu mpauko, na maneno yake ndiyo yanayosema yeye ni nani: mtu wa kutangatanga asiye na pa kurudi. Ukiuruka, umebakiwa na suti.

6. Acheni ukimya uwe ukimya. Kwenye *Kawaita Hana* ya Shinoda Masahiro, 1964, pale kwenye kamari, mtunzi wa muziki Takemitsu Toru amezifanya karata zigonge kama ngoma. Macho ya mtazamaji yanatakiwa yawe kwa Saeko, yule mwanamke mcheza kamari, si chini ya skrini akisoma kila mwito wa mchezesha kamari.

7. Na hili la mwisho ni la mmoja wenu, anajijua, nampenda na ana kipaji. *Koroshi no Rakuin* ya Suzuki Seijun, 1967. Hanada ni muuaji nambari tatu, anapagawa kwa harufu ya wali unaochemka, kipepeo anatua kwenye bunduki yake na shabaha inapotea. Wewe umeongeza mistari minne ndani ya mabano kumweleza mtazamaji Hanada anawaza nini. Mkuu wa studio ya Nikkatsu alimfukuza Suzuki mwaka 1968 akilalamika kwamba filamu zake hazieleweki. Suzuki akaenda mahakamani, wakapatana mwaka 1971, na bado akakaa miaka kumi bila kutoa filamu ya sinema. Aliyalipia mapengo yale. Usiyazibe kwa niaba ya studio. Futa mistari yote minne, uache wali uchemke, kisha unitumie faili kabla ya Ijumaa.