Risiva ya marehemu baba inakata fyuzi

Kaka wa Mikindani, pole. Umesema risiva ya mzee (mashine ya redio yenye amplifaya ya spika) inakata fyuzi kila ukiiwasha. Nakuomba, usifunge waya mahali pa fyuzi wala fyuzi kubwa zaidi: utaunguza transfoma, na kuipata nyingine ni kazi.

Tazama nyuma kwenye kichagua volti. Kikiwa 120, umeme wetu wa 230 huenda umeshaidhuru.

Kisha pitisha waya wa moto unaoingia kwenye risiva kwanza kwenye balbu ya zamani ya wati 60, ile ya nyuzi, siyo LED. Ukiwasha, balbu ikimulika kwa muda mfupi ikafifia, afadhali. Iking'aa bila kufifia, kuna shoti. Chomoa plagi, ngoja kapasita kubwa (zinazohifadhi umeme) zishuke chaji, hakikisha kwa mita, ndipo upime daiodi na transista za pato (zile zinazosukuma spika).