Nyie wapya wa kutembeza wageni Vancouver, mwacheni Bill Reid apumue

Wadogo zangu, msimu ndio kwanza umeanza na mmeshanichosha. Juzi kiwanja cha ndege nimemsikia mmoja wenu, mgongo kaupa ule mtumbwi wa kijani, sanamu ya shaba ya Bill Reid, sauti juu, anawaambia wageni kwamba mzee huyu, mchongaji wa Wahaida, watu wa asili wa visiwa vya Haida Gwaii hapa Kanada, "alifufua sanaa iliyokufa kwa mikono yake miwili." Sikumkatiza, maana mbele ya wageni hatuaibishani. Lakini sentensi ile ina makosa mawili, na yote nimewahi kuyafanya mimi kabla yenu. Kaeni chini.

1. Tuanze na hiyo mikono miwili. Yule Kunguru wa kuchongwa, kazi ya Reid, aliyekalia gamba la kombe, na watu wanachungulia kutoka ndani, alizinduliwa mwaka 1980 pale makumbusho ya Chuo Kikuu cha British Columbia. Ni mbao 106 za mwerezi wa manjano zilizogundishwa zikawa bonge moja. Reid alikuwa na miaka 60, na ugonjwa wa Parkinson ulishamwanza. Waliokuwa wanapiga patasi pamoja naye ni Jim Hart, Reg Davidson, George Norris, George Rammell na Gary Edenshaw, ambaye leo anaitwa Guujaaw na amewahi kuwa rais wa Baraza la Taifa la Haida. Jim Hart ndiye huyohuyo aliyeongoza uchongaji wa ile Nguzo ya Maridhiano iliyosimamishwa chuoni mwaka 2017, ambayo mnaipita kila siku na basi. Wazo na jicho vilikuwa vya Reid, hakuna anayembishia. Ila majina mengine yatajeni, hayawagharimu hata dakika.

2. Nguzo hizi ndefu za kuchongwa haziabudiwi. Zinaeleza ukoo wa watu, haki zao na historia yao. Mgeni akiuliza "mungu wao ni yupi hapa," jibu kwa upole, kisha endelea.

3. Sasa hiyo "iliyokufa." Hapa mnivumilie.

Nilikuwa mgeni kazini, nimekariri karatasi ya kampuni iliyoniajiri kama mtoto wa madrasa. Nikasimama mbele ya mtumbwi na kundi la walimu, nikamwaga: sanaa ya Haida ilikuwa imekufa, Charles Edenshaw, mchongaji wao mkubwa, alifariki 1920, na mwaka huohuo, tazameni maajabu, akazaliwa Bill Reid! Walimu wakaguna kwa raha. Mimi nikavimba kichwa.

Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa kakaa karibu na begi lake akainuka, akaja taratibu mpaka mbele yangu, akakunja mkono wa sweta. Bangili ya fedha, pana kama vidole vitatu. Tai amechorwa kuizunguka yote, mistari inanenepa kwenye bega la bawa halafu inasinyaa mpaka ncha, na upande wa chini wa kiganja imelika kwa kuvaliwa hadi mdomo wa tai unaonekana kwa shida.

"Hii kachonga babu yangu, mzaa mama, kijijini kwetu Skidegate," akasema. "Wakati anaichonga, Bill wenu alikuwa anasoma matangazo redioni. Sasa nionyeshe, maiti iko wapi?"

Mtu mwenye akili angesema samahani mama. Mimi nikasema: "Lakini ndivyo ilivyoandikwa." Naandika haya masikio yanawaka moto. Akanitazama tu. Kisha akaniuliza, mbele ya walimu wote, mtumbwi huu una abiria wangapi. Nikahesabu kwa kidole, nikapata 12. Akaniinamisha (kweli, alinishika bega akanisukuma chini) hadi nikamwona Mama Panya, kajibanza chini ya mkia wa Kunguru anayeshika usukani. Wa 13. Nilikuwa nimeupitia mtumbwi ule msimu mzima bila kumwona. Mama akachukua begi lake akaenda zake. Walimu wakaendelea kumtafuta panya, na mimi hakuna aliyenisikiliza tena hadi hotelini.

Ndui ya 1862 iliwafyeka Wahaida, vijiji vikabaki vitupu. Sheria ya Kanada ikapiga marufuku potlachi, zile sherehe zao kubwa za kugawa zawadi, kuanzia 1885 hadi 1951, na hizo ndizo zilizokuwa zinawapa wachongaji kazi. Nguzo zikabebwa kwenda makumbusho. Reid mwenyewe alishiriki safari za kuziondoa kwenye vijiji vilivyohamwa, Tanu mwaka 1954 na SGang Gwaay mwaka 1957, na hilo nalo mlitaje, msimfanye malaika. Lakini kuugua, kuzuiwa na kubebewa mali ni jambo moja. Kufa ni jambo jingine. Babu yake Reid, Charles Gladstone, mpwa wa yuleyule Edenshaw, alikuwa Skidegate anachonga jiwe jeusi na fedha mpaka uzeeni. Reid alimfahamu akiwa na miaka 23. Mama yake alikuwa Mhaida, baba Mmarekani, na kilichomvuta kijana huyu kwenye ufundi ni bangili za shangazi zake wa upande wa mama. Bangili! Zilikuwa mikononi mwa watu, zinapika chai. Na mwaka 1969 Robert Davidson, kijana wa miaka 22, alisimamisha nguzo kijijini kwao Masset, wazee wakaimba nyimbo walizokuwa nazo muda wote.

4. Msiruke siasa eti wageni wako likizo. Sanamu ya kwanza ya mtumbwi huu wa kiwanja cha ndege, ile nyeusi iliyoko ubalozi wa Kanada Washington tangu 1991, Reid alisimamisha kazi yake mwaka 1987 akipinga ukataji miti Haida Gwaii. Serikali ndiyo mteja wake, na bado aligoma. Wageni wetu kutoka Nairobi na Goma hili wanalielewa kabla hujamaliza kusema.

5. Ukipata mgeni wa Lamu au Bagamoyo, mpeleke kwenye habari za Loo Taas, mtumbwi wa mita 15 wa mwaka 1986, gogo moja la mwerezi mwekundu, ukatanuliwa kwa maji na mawe ya moto. Nilimpata fundi mmoja wa majahazi, akanihoji kuhusu tezo nusu saa nzima, basi likatuacha. Na huo ndio uliobeba majivu ya Reid mwaka 1998 kwenda Tanu, kijiji cha mababu wa mama yake.

6. Chupa za maji zisiwekwe juu ya mtumbwi. Hata kwa ajili ya picha.

7. Noti ya dola 20 ya mwaka 2004 yenye kazi zake mgongoni inapendeza sana kuwaonyesha wageni. Ishikeni wenyewe. Yangu niliipitisha kwenye kundi la watu 40, na mpaka leo kila mtu anasema alimpa wa nyuma yake.