Kinena Kinachouma Baada ya Kujifungua: Kabla Hujanunua Dozi Nyingine ya UTI

Mwanamke wa Dar akisema kinena kinamuuma, jibu la kwanza huwa UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. La pili ni PID, maambukizi ya via vya uzazi. La tatu hutoka kwa shangazi: ni chango, na mzizi wake upo, uchemshwe. Mimi nimepitishwa kote huko baada ya kumzaa mwanangu wa pili. Mkojo ulipimwa ukawa safi, utrasaundi nayo safi, na bado nilikuwa siwezi kuvaa suruali bila kushika ukuta. Tatizo lilikuwa kwenye maungio ya nyonga, mahali ambapo kwa muda mrefu hakuna aliyeweka mkono kupapasa. Kila nikipeleka mtoto kliniki nakutana na mama mwingine anayeburuza mguu huku mkobani ana dozi mpya ya antibayotiki, na inaniuma.

Mifupa ya nyonga imeungana sehemu tatu: moja mbele, kwenye mfupa wa kinena, na mbili nyuma, kulia na kushoto, jirani na vile vishimo vya kiunoni. Ni mafiga matatu. Moja likiyumba, chungu chote kinaelemea. Ndiyo maana maumivu yanaanzia kinenani, kesho yako kwenye tako, keshokutwa yanashuka ndani ya paja. Wakati wa mimba homoni hulegeza kano, mwili unabadilisha namna unavyobeba uzito, na misuli ya tumbo inatanuka. Karibu mjamzito mmoja kati ya watano hupata maumivu haya. Wengi hupona miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, lakini wapo ambao yanabaki.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kuna neno linalotisha wanawake: "nyonga zimeachia." Ukishaambiwa hivyo unaogopa hata kunyanyuka kitandani. Kwa kawaida kuna nafasi ya kama milimita 4 hadi 5 kwenye ungio la mbele, na mimba huongeza 2 au 3. Kuachia kwa kweli ni pale nafasi inapozidi milimita 10, na hilo si jambo la kawaida. Tena ukubwa wa nafasi hauendi sambamba na ukali wa maumivu: kuna mwenye nafasi pana asiyeumwa, na mwenye nafasi ndogo anayelia usiku. Kwa wengi wetu mifupa ipo mahali pake. Kilichopungua ni nguvu na mpangilio wa misuli inayoishika.

Utayatambuaje? Angalia yanaamka lini. UTI inaunguza unapokojoa. Maumivu ya maungio yanaamka unapogeuka kitandani, unaposimama kwa mguu mmoja, unapopanda ngazi, unapotanua mapaja. Jaribu hili: lala chali, inua mguu mmoja ulionyooka kama sentimita 20. Ukiwa mzito au ukauma, mwambie mtu akubane nyonga pande zote mbili kwa viganja, kisha uinue tena. Ukiwa mwepesi zaidi, mweleze daktari hilo neno kwa neno.

Matibabu yanaanzia nyumbani, na nyumba zetu zina mitego. Mbuzi ya kukunia nazi ndiyo mbaya kuliko vyote: unaketi umetanua mapaja, halafu unasukuma kwa nguvu. Nunua nazi iliyokunwa sokoni kwa muda huo, au mwachie mwingine. Beseni la kufulia liinue juu ya stuli. Deki kwa fimbo, usiiname na tambara. Suruali na chupi vaa umekaa. Unapogeuka kitandani bana magoti pamoja, ugeuke mwili mzima. Kwenye tendo la ndoa, kulala ubavu kunasumbua kidogo kuliko mikao mingine, na baba watoto aambiwe sababu, asidhani amekataliwa.

Bodaboda iache. Ukikaa kiume unatanua, ukikaa upande unajipinda. Bajaji ni afadhali: tanguliza makalio, kisha ingiza miguu yote miwili kwa pamoja. Mwendokasi nayo, ukiacha msongamano, ina jambo moja zuri, sakafu ya basi iko usawa wa kituo, kwa hiyo hupandi ngazi kama kwenye daladala konda akikuharakisha.

Bibi zetu walifunga mkaja, nami nilifungwa. Unasaidia tumbo, lakini kwa maungio haya mkanda unatakiwa kukaa chini zaidi, chini ya pale shanga zinapolala, ukibana mifupa ya nyonga yenyewe. Uvae unapotembea au kufanya kazi, uvue unapopumzika. Kukandwa kwa joto mgongoni na kwenye matako kunalegeza misuli; kugandamizwa mfupa wa kinena, kataa kwa adabu.

Kinachoponya ni mazoezi, na yanataka subira. Utafiti mmoja wa Norwei uliochapishwa mwaka 2004 uliwafuatilia wanawake wa aina yetu kwa wiki 20 za mazoezi maalumu ya kuimarisha nyonga, na mwaka mmoja baada ya kujifungua walikuwa na maumivu kidogo kuliko wenzao waliopata tiba nyingine ya viungo bila mazoezi hayo. Mimi nilianza na kubana mto katikati ya magoti huku nikitoa pumzi taratibu, nikaja kuinua makalio nikiwa nimelala chali, halafu kuinua mguu nikiwa nimelala ubavu. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika. Yakiendelea mpaka kesho yake, punguza, usiache. Kulala tu miezi na miezi kunaifanya misuli izidi kuchoka.

Diklofenaki ya duka la dawa inatuliza kwa siku chache, haijengi kitu. Kwa mjamzito, hasa miezi mitatu ya mwisho, isitumiwe kabisa, kwani inaweza kuziba mshipa ambao mtoto anauhitaji tumboni na kuathiri figo zake.

Si kila kinena kinachouma ni hiki. Mwenye sikoseli akiumwa kinena na kuanza kuchechemea apimwe nyonga mapema, maana kichwa cha mfupa wa paja huweza kufa kwa kukosa damu, na eksirei ya mwanzo huweza isionyeshe kitu wakati kipimo cha MRI kinaona. Kijana anayeamka na mgongo uliokakamaa unaolegea akitembea, apimwe baridi yabisi ya uti wa mgongo. Homa, kukonda na jasho la usiku, fikiria TB ya mifupa. Na ukiona ganzi katikati ya mapaja pamoja na mkojo kukataa kutoka au kujitokea wenyewe, usisubiri kesho.

Hospitali za rufaa za mkoa kama Amana, Temeke na Mwananyamala zinaweza kukuandikia rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, ikihitajika. Ukifika kwa daktari usiseme tu "kinena kinauma". Taja mwendo unaoamsha maumivu, taja upande, nenda na majibu ya mkojo ya zamani, kisha omba fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Na mtaalamu akikupa mazoezi, yafanye mbele yake kwanza akuangalie, kabla hujaenda kuyafanya peke yako nyumbani.