Maswali yenu wiki hii: upande wa mume kwenye kadi ya kliniki mbona mtupu?

Meseji za wiki mbili hizi zimenikaa kifuani, kwa hiyo maswali ya mahari na ya mchango wa harusi yatasubiri. Leo ni ya wanawake wanaopigwa kwa sababu hawajazaa. Wengine nitawajibu mstari mmoja tu, msinune.

Nina miaka 31, niko Mwanza, ndoa mwaka wa sita sina mtoto. Mume wangu kila akijua nimeingia siku zangu ananipiga, mwezi huu kanivunja kidole. Sahivi nafua vitambaa usiku na kuvianika ndani chini ya kanga asijue. Kupima hataki, anasema ana mtoto wa nje wa miaka tisa kwa hiyo tatizo ni mimi. Nifanye nini nizae?

Pole sana mdogo wangu. Tuanze na kidole, kizazi kitafuata. Nenda hospitali leo na ukiulizwa umeumiaje usiseme umeteleza bafuni, maana daktari anaandika unachomwambia na siku ukifika mahakamani lile faili ndo litasema uliteleza. Sema amenipiga mume wangu, taja tarehe. Polisi nenda moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto uchukue PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ni bure, anayekuomba hela ya fomu anakuibia. Picha za majeraha usiziache kwenye simu ambayo yeye anaishika, zitume kwa dada yako au rafiki alafu uzifute kwako, na kitambulisho, cheti cha ndoa na kadi za kliniki vitoke humo ndani taratibu kabla hajashtuka.

Sasa huyo mtoto wa miaka tisa. Anathibitisha kwamba miaka kumi iliyopita baba yake alikuwa na mbegu za kutosha, basi. Katikati hapo mtu anapata kisonono kisichotibiwa vizuri, anapata mishipa ya korodani iliyovimba, anaanza pombe kali na sigara, hali inabadilika bila yeye kuhisi chochote kwa sababu nguvu za kiume na mbegu ni vitu viwili tofauti. Na hata kama mirija yako ya uzazi ndo imeziba, mara nyingi inaziba kwa maambukizi ya zamani ambayo mengine mke anayaletewa nyumbani na mume, alafu ndo anapigwa kwa hayo hayo.

Mi nimekaa kliniki ya akina mama miaka kumi na moja. Kadi ya mwanamke imejaa mpaka tumegundisha karatasi juu yake, ultrasaundi, kipimo cha mirija, homoni, dawa alizotumia, upande wa mume jina tu na namba ya simu. Kulikuwa na mama mmoja tulimpa kikopo cha mbegu ampelekee mumewe, tukamweleza baba asikutane na mwanamke siku mbili mpaka saba kabla na kikopo kifike maabara ndani ya saa moja. Alikirudisha mara tatu kikavu, kifuniko hakijafunguliwa, kimefungwa kwenye leso. Mara ya tatu alikuwa na alama ya waya wa pasi kwenye shingo. Karibu nusu ya wanandoa wanaochelewa kupata mtoto, mwanaume naye ana sehemu yake, ama peke yake ama pamoja na mke, na kipimo chake ndo rahisi kuliko vyote, hakuna sindano hakuna kulala kitandani miguu juu. Kwa hiyo mwanamke asiingizwe kwenye kipimo cha tano wakati mume hajafanya cha kwanza, na nyie wahudumu mnaokubali kuendelea hivyo mnasaidia huo mkono unaopiga.

Umeniuliza ufanye nini uzae. Kwa mtu anayekusubiri na ngumi kila mwezi mi sitakufundisha kuzaa. Ukishika mimba hapo atakupiga na mimba, nimewaona wengi. Toka kwanza.

Dada naomba jina la dawa ya kusafisha kizazi.

Hakuna. Nimejibu hili swali mwezi uliopita na mwezi wa kabla yake, kizazi sio sufuria, na hayo majani na vidonge mnavyoingiza ukeni vinachubua na kuleta maambukizi yanayoweza kuziba hiyo mirija mnayotaka kuizibua. Anayekuuzia hajawahi kumuuliza mumeo hata swali moja.

Miezi minne ya ndoa sijashika mimba na mume kaanza maneno, nina tatizo?

Bado. Wataalamu wanaanza kuhesabu ukifikisha miezi 12 ya kukutana bila kinga, ukiwa umevuka miaka 35 ni miezi sita. Maneno yeye kayaanza mwezi wa nne, yasikilize vizuri, ni habari za huyo uliyeolewa naye.

Mimi ni mwanaume wa Morogoro. Mke wangu hazai mwaka wa nane. Nyumba nimejenga kwa hela yangu, yeye ni mama wa nyumbani. Nikimuacha kwa sababu ya utasa ana haki ya kudai kitu? Na vibao viwili vitatu vya kurekebishana ndani ya ndoa navyo vinahesabika?

Naanza na vibao kwa sababu umevitupia mwishoni kama vitu vidogo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kifungu cha 66 inasema hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Hakuna kibao cha kurekebisha. Hiyo sheria ina umri mkubwa kuliko wengi wenu mnaoniandikia na bado kila wiki naulizwa. Na vibao vyako vinampa yeye sababu ya kuomba talaka, ukatili umetajwa humo humo, wa mwili na wa akili.

Utasa sasa. Sheria inataja mwenzi asiyeweza tendo la ndoa, kutozaa haikutaja. Alafu nyumba: Mahakama ya Rufani ilishalimaliza hilo mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali iliyochumwa. Miaka minane amekupikia, amekufulia, amekuuguza, mafundi wa hiyo nyumba nani alikuwa anawapikia? Anadai na atapata, kiasi gani ni kazi ya mahakama. Mtaanzia baraza la usuluhishi kwenye kata, sasa usije ukaenda na wazee wa ukoo wakamsainisha karatasi usiku ukadhani imeisha.

Na hujaniambia umepima. Nimesoma meseji yako mara mbili nikitafuta.

Sisi ni mawifi, tumeamua kumtafutia kaka yetu mke mwingine maana huyu mgumba, tumwambieje kwa hekima?

Msimwambie kitu. Hamkuoa nyie. Mnamnyang'anya mtoto akimbeba, kwenye arobaini mnamuweka jikoni asionekane, mnamuita mti usio na matunda mbele ya kaka yenu, alafu akirudi nyumbani akapigwa mnasema hatukuwepo. Mlikuwepo. Wengi wa wanaokuja kwangu na majeraha kipigo kimeanza siku ile ile mume katoka kwenye kikao cha familia. Kama ni Waislamu, Bi Aisha mama wa waumini hakuzaa, na yeye mwenyewe ndo aliyesimulia kwamba Mtume hakuwahi kumpiga mwanamke kwa mkono wake. Kama ni Wakristo kamsomeni Hana, mke mwenza alimchokoza mpaka akashindwa kula, Elkana mumewe akamfariji na kwenye kugawa akampa sehemu kubwa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema mtu 1 kati ya 6 duniani anapitia shida ya kupata mtoto, kwa hiyo na nyie mawifi mna mabinti, angalieni.

Niko Kitui, Kenya. Mume wa dadangu ameanza kumtishia na panga sababu hajazaa. Mchungaji anamwambia avumilie aombe, mama naye anasema kila ndoa ina mambo. Tungoje?

Msingoje hata kesho! Nyie wa Ukambani mnaijua ya Machakos Julai 2016, yule dada aliyekatwa mikono yote miwili na mumewe kwa panga kwa sababu hawakuwa na mtoto, na mwenyewe alieleza kwamba walikuwa wameshaenda hospitali wakaambiwa tatizo liko kwa mume. Yani jibu lilikuwepo, na aliyekatwa ni yeye. Nairudia hii kila mara kwa sababu watu wanadhani mwanaume akishaambiwa ukweli na daktari atatulia. Wengine aibu ndo inawapandisha hasira zaidi, kwa hiyo dada anayebeba majibu ya namna hiyo kwenda nyumbani kwa mtu anayempiga asiyapeleke peke yake, daktari amuite mume ayasikie pale pale hospitali.

Pigeni 1195, namba ya Kenya ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili, ni bure, na mahakama ya huko inaweza kumpa amri ya ulinzi chini ya sheria ya 2015 ya kukinga watu na dhuluma za nyumbani. Kabla ya hayo yote mtoeni, alale kwenu. Mchungaji anaweza kumuombea akiwa kwenu pia. Na mama mwambieni kwa heshima kwamba panga sio mambo ya ndoa.

Nimepima, mbegu zangu ni chache sana. Mke wangu kanionea huruma, akasema nisiaibike, kamwambia mama yangu tatizo ni lake. Juzi Idi mama kampiga na mwiko kichwani mbele ya wageni eti kanilia ukoo, nikanyamaza. Hajasema kitu mpaka leo, kajifunga kitambaa tu. Nimwambie mama au nitumie kwanza dawa nione?

Kaka, umepima, na wanaume wanaofika hapo ni wachache, nakushukuru. Chache sio sifuri. Mbegu zinachukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo sigara na pombe acha leo, rudia kipimo baada ya miezi mitatu, na muone daktari wa mfumo wa mkojo na uzazi akuangalie mishipa ya korodani, kuna inayotibika.

Ila dawa isitangulie. Hiyo miezi mitatu mkeo ataipita na kitambaa kichwani na sikukuu nyingine inakuja. Kwanza mpeleke hospitali lile jeraha liangaliwe, kichwa sio cha kufunga kitambaa ukaacha. Alafu nenda kwa mama yako mwenyewe, usimtume mjomba, usitume sauti kwenye simu. Beba karatasi ya maabara, mkeo kama atakubali akae pembeni yako, umwambie mama ni mimi na aliyepigwa hakuwa na kosa. Na waliokuwepo Idi nao waambiwe, kwa sababu walishuhudia mwiko. Ukishatoka huko ndo uniandikie kuhusu dawa, nitakujibu siku hiyo hiyo.