Muulize Shangazi Fundi: Mgeni anaruhusiwa kuvaa kilti?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nasoma Glasgow. Rafiki yangu Mskoti anaoa karibuni, amenichagua niwe mpambe wake na anataka sote tuvae kilti, lile vazi la marinda la wanaume wa Uskoti. Nyumbani Muheza wakiona picha watasema nimevaa sketi. Je, mgeni anaruhusiwa? Huvaliwaje, na ndani unavaa nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Vaa. Mskoti akikuomba uvae kilti siku ya harusi yake, amekuhesabu ndugu.

La sketi lisikunyime usingizi. Baada ya vita vya Culloden mwaka 1746, waasi wa Uskoti waliposhindwa, serikali ya London iliwapiga marufuku wanaume wa Uskoti kuvaa vazi hili. Adhabu ilikuwa jela miezi 6. Ukirudia kosa, unapelekwa ng'ambo miaka 7. Walioruhusiwa ni askari wa jeshi la mfalme. Marufuku ilifutwa mwaka 1782. Wasimulie hayo wa Muheza kabla hujawatumia picha.

Sasa uvaaji, na hapa nasema kama fundi niliyeshona kilti huko Edinburgh. Kilti kamili ya harusi hula karibu yadi 8 za sufu, na sehemu kubwa inaishia kwenye marinda ya nyuma. Marinda yakija mbele, umeivaa kinyume! Mbele ni bapa, vipande viwili vinapishana, cha juu kinaishia upande wako wa kulia. Funga juu, usawa wa kitovu, si kwenye nyonga kama jinzi. Pindo likome gotini. Ile pini kubwa ichome kipande cha juu peke yake. Ukivibana vyote viwili, ukikaa tu sufu inachanika, na kuitengeneza ni kazi ya machozi. Kabla ya kukaa, pitisha viganja nyuma uyalaze marinda.

Rangi za drafti kwa kawaida huchagua bwana harusi. Akikuachia wewe, chukua Black Watch, kijani na buluu iliyokoza. Drafti nyingi ni za koo za Kiskoti, lakini asili ya hii ni kikosi cha jeshi, na haikuulizi ukoo.

La ndani: kilti ya kukodi, vaa chupi. Kesho kuna mwenzio ataivaa.

Nenda dukani wiki hii wakupime kiuno, nyonga na urefu hadi gotini. Usiwatajie saizi ya suruali yako. Kiuno cha kilti kiko juu zaidi, haitalingana.